Webb Ellis ndo alianzisha raga kweli, au ni stori tu?

Fainali ya Kombe la Dunia la raga ikifika, mtangazaji hakosi kuirusha ile stori: mwaka 1823, shule ya Rugby kule Uingereza, wanafunzi wanacheza mpira, mara dogo mmoja William Webb Ellis akaudaka, akaukumbatia na kutimka nao mbele, mchezo mpya ukazaliwa papo hapo. Tamu kweli, na kombe lenyewe tangu 1987 linaitwa jina lake.

Sasa nani aliona? Aliyeileta ni Matthew Bloxam, naye alisoma hapo Rugby ila alishamaliza kabla ya hiyo 1823, halafu akaja kuandika kwenye gazeti la shule mwaka 1876, yaani zaidi ya miaka 50 baadaye, na Webb Ellis mwenyewe, aliyekuja kuwa mchungaji wa Anglikana, alishafariki Ufaransa mwaka 1872 kwa hiyo hakuna wa kumuuliza.

Mwaka 1895 wanafunzi wa zamani wakaunda kamati ichunguze. Wapo wanaosema ilikuwa siasa tu, maana mwaka huohuo klabu za kaskazini mwa Uingereza zilikutana mji wa Huddersfield zikajitenga na chama cha raga kisa wachezaji kulipwa fidia ya siku za kazi wanazokosa, so wenye shule walitaka kupiga muhuri kwamba mchezo ni wa kwao. Inaingia akilini, ila nusu tu, kwa sababu Bloxam aliandika miaka karibu 20 kabla ya huo mgawanyiko, hivyo huwezi kusema stori ilitungwa kwa ajili hiyo. Jiwe la kumbukumbu ya Webb Ellis pale shuleni ndo unaweza kusema ni siasa, hilo liliwekwa 1900, baada ya mgawanyiko.

Na upande wa Webb Ellis si mtupu kabisa. Thomas Harris, aliyesoma naye, aliiambia kamati kwamba anamkumbuka vizuri, kwenye kriketi alikuwa moto ila kwenye mpira alijulikana kwa kupenda kujinufaisha kinyume na taratibu. Enzi hizo kuudaka kuliruhusiwa, ila ukishadaka unarudi nyuma upate nafasi ya kupiga, kukimbia nao mbele ndo marufuku. Mtu wa tabia hiyo kukimbia siku moja mbona rahisi tu! Lakini Harris huyohuyo tukio lenyewe hakuliona.

Kinachonimalizia ubishi ni Thomas Hughes, aliyeingia shule hiyo 1834. Yeye anasema wakati huo kukimbia na mpira hakukukatazwa moja kwa moja, ila ukiuawa ukijaribu, wenzako wangesema umejitakia. Sasa hiyo ni miaka 11 baada ya dogo kudaiwa kubadilisha mchezo, na bado watu wanaogopa! Hughes anamtaja Jem Mackie, jamaa mwenye mbio na mabega mapana, ambaye kwenye 1838 na 1839 alikuwa anakimbia nao hadi wengine wakaanza kuiga, kwenye 1841 na 1842 ikahalalishwa, sheria zikaandikwa 1845.

Kwa hiyo mimi nakubali Webb Ellis inawezekana alikimbia, wala sina shida na hilo, ila ukivunja sheria na hakuna anayekufuata hujaanzisha kitu, umecheza faulo tu. Ukinibana nitaje mwanzilishi nakutajia Mackie, na hata huyo bila wenzake kukubali kuiweka kwenye sheria asingefika popote.