Kivinjari kinajua ulipo, hakijui kama bando limekwisha

Tuseme mtu yuko Mbagala, anaagiza gesi kwenye tovuti ya muuzaji. Ukurasa haujamaliza kufunguka, kisanduku kimeshamrukia: tovuti inataka kujua mahali ulipo. Ya nini? Anabonyeza "Zuia". Dakika mbili baadaye anaandika mwenyewe: nyuma ya msikiti, geti jeusi, ukifika piga.

Wanaotetea kuomba mahali wana hoja. Mitaa yetu mingi bodaboda haiendi kwa namba ya nyumba, na pini moja kwenye ramani huokoa simu nne. Isitoshe, kivinjari hakitoi mahali bila ruhusa, na tangu toleo la 50 la kivinjari cha Chrome, mwaka 2016, tovuti isiyo na https (muunganisho uliofungwa kwa siri) haipewi kabisa. Lakini ruhusa ikishatolewa, ukurasa unaweza kukufuatilia muda wote ulio wazi, wakati muuzaji wa gesi anahitaji kujua mara moja tu. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinataka taarifa ikusanywe kwa kusudi linalojulikana. Kwangu mimi jibu ni jepesi: kuwe na kitufe "Tumia mahali nilipo", na ombi lije kikibonyezwa.

Kuna jambo wengi hulipuuza. Mahali huja pamoja na kiwango cha usahihi kwa mita. Simu yenye GPS nje penye uwazi hukosea mita chache. Kompyuta inayokisiwa kwa anwani ya IP (namba yake ya mtandaoni) huweza kuwekwa mji mwingine. Wewe mtengeneza tovuti, usiposoma kiwango hicho, mtungi utakwenda kwa jirani wa mbali sana.

Hali ya mtandao ndiyo inayonikera zaidi. Kivinjari kina navigator.onLine, kauli inayoiambia tovuti kama kifaa kiko mtandaoni. Ikisema hapana, amini. Ikisema ndiyo, maana yake ni kwamba kifaa kimeshika mtandao fulani, basi. Bando limekwisha, alama ya 4G imesimama pale juu, kivinjari kinaapa uko hewani, na oda inazunguka tu.

Chrome hutoa zaidi: makadirio ya kasi, na kama mtumiaji amewasha kubana data. Vivinjari vya Safari na Firefox havitoi, kwa hofu kwamba vipimo hivyo, visivyoombewa ruhusa, vinasaidia kumtambua mtu. Hofu ni ya kweli, ingawa Chrome hutoa namba za kukaribia tu, si kamili, ili kupunguza hatari hiyo. Mimi naegemea upande wa anayenunua bando la siku: tumia makadirio hayo kumpunguzia picha. Ila yasiamue kama oda imefika. "4g" ya Chrome ni daraja la kasi tu; hata Wi-Fi ya kasi huitwa hivyo.

Mtengeneza tovuti, fanya hivi: tuma oda, subiri sekunde kumi. Kimya? Ihifadhi kwenye simu, andika wazi "Haijatumwa bado", jaribu tena baadaye. Na kila oda iwe na namba yake tangu mwanzo, isije ikatumwa tena na mitungi ikafika miwili.