Kwa hiyo hiyo gari niliikodi nikapunge upepo?

Wiki hii mhasibu wetu kanirudishia ankara tatu za gari za kukodi, zote kazipiga mstari mwekundu kwenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani), pembeni kaandika "haidaiki" basi, yaani hiyo kodi hatuwezi kuirudisha. Nikampigia simu. "Bosi, hiyo ni gari ya abiria." Najua ni ya abiria, mimi ndiye nilikuwa ndani yake siku nne, boksi mbili za sampuli kiti cha nyuma, mchana nakula huku naendesha, sasa hapo aliyekuwa anastarehe nani?

Maana tatizo la watu wa kodi ni starehe, wanahofia gari unaitumia kwa mambo yako binafsi. Tumeimbiwa miaka yote kwamba VAT haimkai mfanyabiashara, unalipa huku unakata kule, wa kubeba ni mlaji wa mwisho. Sawa, ila ikifika kwenye gari ndogo wimbo unakata ghafla. Kenya, Sheria ya VAT ya 2013 imefunga kununua, kukodi, matengenezo, mpaka spea, labda biashara yako iwe ndiyo hiyo ya kuuza au kukodisha gari. Ufaransa ukikodi gari ya abiria VAT yake sahau. Afrika Kusini hata pikapu ya kebini mbili wanaihesabu motokaa, yaani gari ya abiria, kwa hiyo usidhani utawapiga chenga kirahisi. Marekani hawana VAT, wana kodi ya mauzo, ukishalipa imekwenda, lakini angalau wao hawakukuahidi kitu.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtaniandama. Wapo watu gari ya kampuni Jumamosi iko harusini, Jumapili iko shamba kwa mama mkwe, Jumatatu risiti zote za mafuta ziko mezani kwa mhasibu. Wapo, na ninyi mnaosoma hapa wengine mpo humo humo. Gari inayolala kwako mwaka mzima hakuna afisa atakayejua ilienda wapi.

Lakini jamani, gari ya kukodi siku nne?? Hiyo ina mkataba umeandikwa saa ya kuchukua na saa ya kurudisha, kilomita zimesomwa ikitoka zikasomwa tena ikirudi, ankara ina namba ya VAT ya mwenye gari, na kwa mteja kuna barua pepe ya miadi na oda niliyorudi nayo, ambayo VAT yake ninyi watu wa kodi mmeipokea bila kuniuliza nilifika kwa miguu au kwa punda! Hakuna gharama kwenye vitabu vyangu yenye ushahidi kuliko hii, laptop ninayoandikia hapa ilipita bila swali na watoto wanachezea gemu kila jioni.

Na sio kwamba haiwezekani. Uingereza gari ya kukodi kwa muda mrefu ambayo unaitumia na binafsi wanakukatalia nusu ya VAT, haya, lakini ukikodi kwa ajili ya kazi tu, siku zisizozidi 10, na sio kuziba pengo la gari ya kampuni iliyoko gereji, unadai yote. Siku 10! Mtu alikaa chini akafikiri kwamba anayekodi siku tatu na anayekaa nayo miaka mitatu sio mtu mmoja. Kuandika hivyo ni mstari mmoja tu kwenye sheria.

Halafu ile ankara ya tatu naomba niseme ukweli, hata kule isingepita, niliibuki usiku nikiwa nimechoka, kwa kadi yangu mwenyewe na jina langu mwenyewe, kampuni haimo popote. Hiyo ni yangu, nimeimeza. Mkibuki wekeni jina la kampuni na namba yake kabla hamjapewa ufunguo, kuja kubadilisha ankara baadaye ni kubembelezana wiki nzima.

Jumatatu nina safari nyingine. Mhasibu kaniambia, kwa upole kabisa, nikodi van ya mizigo maana hiyo VAT yake inadaika. Nimeshaiwekea oda. Ina viti viwili, inakunywa mafuta kama imetumwa, na boksi zangu mbili zitakuwa zinabiringika huko nyuma safari nzima, ila kisheria sasa mimi ni mtu wa kazi.