Nilisema Mafuta ni Matamu

Leo asubuhi nimepewa mkate mkavu. Mkavu kabisa, bila hata tone. Na jikoni, jamani, yamepangwa madumu sita ya mafuta mapya ya zeituni, lita kumi kumi, yamefunikwa shuka kama maharusi. Mama mkwe kanisogezea kahawa, kanisogezea mkate, kanipa mgongo, karudi kwenye maharage yake.

Mkate wenyewe wa huku Umbria, Italia, hauna chumvi. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa Papa Paulo III alipandisha kodi ya chumvi, watu wa Perugia wakaasi mwaka 1540, wakapigwa, na tangu siku hiyo wakaapa kuoka mkate bila chumvi. Wapo wasomi wasemao hiyo ni hadithi tu, lakini jaribu kumwambia baba mkwe. Kwetu Malindi papa ndiye chumvi yenyewe, unamloweka usiku kucha na bado anakukausha ulimi. Huku Papa ndiye aliyeiondoa mezani. Vita vimekwisha karibu miaka mia tano, na mimi natafuna hasira za watu nisiowajua.

Haya, mavuno sitayaeleza. Nyinyi mliooa na kuolewa huku mnazijua hizo nyavu, mnazijua hizo ngazi, na migongo yenu inamjua Novemba ni nani. Shemeji ana mashine ya betri ya kutikisa matawi, dakika kumi kazi, nusu saa simu. Mimi nimepewa kireki cha plastiki, kama cha kuchania mbuzi. Mama mkwe kanizungushia skafu shingoni eti upepo usinipige. Baba mkwe kila mti anasimama kunisimulia baridi ya Januari 1985: huu ulikufa, ule ulikatwa mpaka chini ukachipua, na hapa palikuwa na mwingine. Siku nne nimehudhuria matanga ya miti.

Balaa lilikuwa kinuni. Tulipewa zamu saa tano usiku, kwa sababu zeituni ukizilaza kwenye kreti zinapata joto, zinachacha, mafuta yanaharibika. Kilo mia nne. Baba mkwe hamwamini mtu. Alisimama kwenye mizani, akasimama zinapopulizwa majani, akasimama zinapooshwa, akasimama zinaposagwa, akafika kwenye pipa linalokanda ule uji akainamia kama anatafuta pete, asije jirani akachanganyiwa zake. Wazee wetu wa pwani waliwahi kukamua simsim kwa ngamia anayezunguka kinu kafungwa macho, wala sikusikia mtu aliyemshuku ngamia.

Ikafika saa saba, mafuta yakaanza kutiririka, kijani kama mchicha uliopondwa. Kinuni pana meko. Mkate unachomwa hapo, unasuguliwa kitunguu saumu, unamwagiwa mafuta, halafu watu wanaume wazima wanatafuna kimya kama wako ibadani. Kisha wanakohoa. Ndiyo, wanakohoa! Mafuta mapya ya huku yanakwaruza koo, na kikohozi ndiyo sifa. Mzee mmoja akakohoa mara mbili, wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima, kama kasoma shairi.

Ikaja zamu ya mkwe.

Sasa Kitaliano changu mimi nilikiokota ufukweni Malindi, nikiwauzia watalii vinyago. Ni Kitaliano cha kusifu bidhaa. Nilitafuna, nikasikia raha, nikatafuta neno. Kwetu kitu kizuri mdomoni ni kitamu. Biriani tamu, samaki mtamu, hata usingizi mtamu ingawa hautafunwi. Nikainua dole gumba, nikasema kwa sauti ya sokoni: “Dolce!”

Mzee wa vikohozi viwili akaweka mkate chini. Mtu nyuma yangu akarudia polepole, “Dolce?”, kama anayeuliza marehemu kafa saa ngapi. Baba mkwe akavua kofia. Miaka yote niliyokaa kwake sijawahi kukiona kichwa chake kizima.

Kumbe huku mafuta yanatakiwa yawe machungu, yawashe, yakupige kofi. Dolce ni mafuta ya Liguria, ya watu wa baharini huko, ya kuwekea samaki, nao wanajivunia hivyo. Lakini ukimwambia mtu wa vilima hivi, kati ya Assisi na Spoleto, mbele ya wanakijiji, saa saba ya usiku, umemwambia mafuta yake yamelala doro. Nikataka kurekebisha. Nikasema, “Dolce kama mtoto.” Afadhali ningenyamaza. Mwenye kinu akanimiminia tena kwenye kikombe, kwa uso wa daktari anayerudia kipimo, na mimi nikanywa nikakohoa kwa nguvu zangu zote, nikakohoa mpaka nikaletewa maji. Baba mkwe akasema hicho ni kikohozi cha kuigiza.

Cha kuigiza! Mimi niliyezipigia magoti zeituni zilizotoroka wavu kule mteremkoni, moja moja, na mvua! Kwetu mkwe akija anachinjiwa kuku, anawekewa mto wa kuegemea, hatumwi hata maji. Hapa mkwe anakabidhiwa ngazi, halafu anafanyiwa mtihani wa koo usiku wa manane, akifeli ananyimwa mafuta! Nimekaa kimya. Mke wangu naye yuko chumbani anacheka kwenye mto, anadhani simsikii.

Na bado lipo la mama yangu. Mwaka jana baba mkwe alimpelekea kopo la lita tano kwa mkono wa msafiri, kalifunga mwenyewe kwa matambara matatu. Mama alishukuru sana, akayahamishia kwenye vichupa, akagawia majirani, yaliyobaki anajipaka magotini kila usiku. Magoti yamelainika, alhamdulillahi, sasa anauliza kopo jingine litakuja lini. Baba mkwe naye kila Jumapili ananiuliza mama anayala na nini. Nimeshasema saladi. Nimeshasema maharage. Jumapili iliyopita nilisema samaki, akauliza samaki gani, nikamwambia papa, na mke wangu akalitafsiri vibaya.