Mwanzi haujichongi

Kuna lugha ya kuuzia shakuhachi ambayo imenichosha. Ukiitafuta filimbi hii ya Kijapani mtandaoni, kabla hujaiona bei utasomeshwa kwanza kuhusu watawa, ukungu wa milimani, pumzi ya asili na sauti ya mwanzi wenyewe. Nilimwandikia muuzaji mmoja nikamuuliza swali dogo tu: hii imetengenezwa na nani? Nikaletewa maelezo marefu ya Zen, tawi la Ubudha. Jina la fundi halikuwamo.

Mimi naona hivi: shakuhachi nzuri inatoka mikononi mwa fundi kwanza, msituni baadaye. Na hizi hadithi za utulivu, hata zile zilizo na ukweli ndani yake, zimegeuka kuwa pazia la kumfichia huyo fundi.

Kwa asiyeijua, ni bomba la mwanzi wa aina iitwayo madake. Ya kawaida ina urefu wa sentimeta 54 na kitu hivi, ina matundu manne mbele na moja nyuma la kidole gumba. Haina ulimi ndani, wala kifaa cha kuielekeza pumzi. Wapenzi wa taarab ya Unguja waliowahi kumtazama mpiga nai kwa karibu wataelewa haraka: bomba liko wazi juu, na wewe unapuliza ukingoni mpaka hewa ipasuke itoe sauti. Kwenye shakuhachi ukingo huo umekatwa mshazari kuelekea nje, na mara nyingi hupachikwa kipande cha pembe ya nyati wa Asia ili makali yasilike. Ukiinamisha kidevu sauti inashuka na kuwa nzito, ukikiinua inapanda. Matundu matano yanakupa noti tano. Zilizobaki unazitafuta mwenyewe kwa kidevu na kwa kuziba tundu nusunusu. Wapigaji wana usemi wao kwamba kutikisa kichwa peke yake kunataka miaka 3, na ile mbinu ya vidole iitwayo koro inataka 8.

Hayo ni ya mpigaji. Ya fundi yameanza zamani zaidi, tena kwenye baridi. Mianzi huchimbwa majira ya baridi, wakati utomvu umepungua, na huchimbwa pamoja na shina lake la chini kwa sababu huko ndiko ukuta wa mwanzi ulikonenepa na pingili zimesongamana. Mingi inaachwa. Fundi anatafuta mmoja uliokomaa, wenye unene unaofaa, wenye vifundo saba vilivyokaa pale anapovitaka. Kisha anaupitisha juu ya makaa, taratibu, mafuta yake yanatoka kama jasho naye anayafuta kwa kitambaa. Unaanikwa juani mpaka ukijani ugeuke rangi ya pembe, halafu unawekwa stoo. Unakaa huko miaka. Hakuna anayetoa sauti yoyote bado.

Siku ukitolewa, unanyooshwa kwa moto, na filimbi nyingi za siku hizi hukatwa katikati zikawa vipande viwili vinavyochomekana. Watu hudhani hiyo ni kwa ajili ya kubeba kwenye begi. Inasaidia kubeba, ndiyo, lakini faida yake kubwa ni kwamba sasa mkono wa fundi unaweza kufika ndani.

Na ndani ndiko kwenye kazi. Mwanzi wa porini kwa ndani haujanyooka wala haujalingana. Shakuhachi ya kisasa inahitaji njia ya hewa inayobana kidogokidogo kuelekea chini, kwa kipimo ambacho tofauti yake ni ya sehemu za milimita. Basi fundi anatoboa vifundo, anasugua kwa tupa ndefu, kisha anapaka ndani ujiuji uitwao ji, ambao kwa desturi ni unga laini wa mawe uliochanganywa na maji na urushi, aina ya vanishi ya asili. Ukikauka anasugua tena. Anapuliza, anasikiliza. Noti moja imelegea. Hapo anafanya kitu ambacho mimi nakipenda kuliko hadithi zote za ukungu: anachukua kipande cha gazeti, anakilowesha, anakibandika ndani ya bomba mahali fulani, anapuliza tena. Noti ikikaza, amejua kwamba pale pameongezeka kilichokuwa kikikosekana, kwa hiyo atapaka ji. Ikiharibika, anakisogeza kidogo na kujaribu tena. Na ukirekebisha noti moja, nyingine inaweza kuyumba. Ni kuhangaika na kipande cha karatasi kisichozidi ukucha, huku sikio likiwa ndiyo mizani pekee unayoiamini.

Hiyo urushi nayo ina mambo yake. Ni utomvu wa mti, na mti huo uko katika familia moja na mkorosho na mwembe wetu. Waliowahi kubangua korosho kwa mikono Mtwara au Lindi wanajua yale mafuta ya ganda yanavyochoma ngozi. Urushi mbichi ni ndugu yake kabisa, inaumua vipele vinavyowasha. Tena haikauki kama rangi ya mlango: inataka unyevu ndipo igande, hivyo kazi iliyopakwa huwekwa kwenye kisanduku chenye unyevunyevu. Subira ninayoisikia kwenye filimbi ni ya mtu huyu aliyevumilia muwasho.

Sasa tuje kwa watawa, maana sitaki nionekane nawakana. Walikuwepo. Enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, wafuasi wa madhehebu ya Fuke ya Zen, waitwao komusō, walizunguka Japani wakiomba sadaka kwa kupiga shakuhachi, kichwa chote kikiwa ndani ya kapu. Wengi wao walitoka tabaka la wapiganaji, samurai, na serikali iliwapa haki ya pekee ya kutembea nchi nzima. Kurosawa Kinko, aliyezaliwa 1710, alikusanya na kupanga nyimbo zao 36 ambazo zinapigwa hadi leo. Lakini mwaka 1871 serikali ya Meiji, iliyofuata baada ya enzi za Edo, iliyafuta madhehebu hayo. Kilichoiokoa filimbi baada ya hapo ni kupigwa kama ala ya muziki ya kawaida, pamoja na koto na shamisen, ala za nyuzi za Kijapani, kwa walimu wanaolipwa na wanafunzi wanaotoa ada. Mpigaji Nakao Tozan alianzisha shule yake ya shakuhachi Osaka mwaka 1896. Na ukishakaa na ala za nyuzi huwezi tena kuwa na noti yako ya peke yako. Lazima ulingane nazo. Ndiyo maana kazi ya ndani ya bomba ikawa ngumu namna ile. Kwa maneno mengine, shakuhachi nyingi zinazouzwa leo kwa jina la watawa zimepimwa kwa mahitaji ya ukumbi wa muziki.

Najua kuna watakaonijibu kwa jinashi, ile isiyopakwa ji, ambayo ndani yake mwanzi unabaki wazi. Wanasema hiyo ndiyo sauti halisi. Sauti yake naipenda pia, ina ukwaruzo na unene ambao ile iliyosawazishwa haina, na kila moja ina tabia zake. Lakini kuiita kazi ya asili tupu ni kumdhulumu aliyeitengeneza. Asipoweza kuongeza ndani, fundi analazimika kuchagua mwanzi kwa makini zaidi, na kuondoa tu, bila nafasi ya kurudisha. Tupa ikipita kiasi, mwanzi wa miaka kadhaa stoo umekwenda na maji.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga vya Voyager, kila kimoja kikibeba santuri ya dhahabu yenye muziki wa dunia. Japani iliwakilishwa na shakuhachi: wimbo wa kiota cha korongo, mpigaji Yamaguchi Goro. Orodha ya santuri hiyo inataja wimbo na inamtaja mpigaji. Fundi wa filimbi hatajwi. Ilhali Yamaguchi Shiro, baba yake Goro, alikuwa mpigaji na fundi wa shakuhachi pia, na filimbi zenye muhuri wake zinasakwa na wapigaji hadi leo. Nyumbani kwao hakuna aliyedhani mwanzi unajichonga.

Muhuri ndio ninaowashauri wanunuzi wauangalie. Mafundi wa kweli huchoma jina lao nyuma ya filimbi, upande wa juu. Muulize muuzaji ni muhuri wa nani, kama ndani kuna ji au hakuna, na kama imewahi kupasuka, kwa sababu mwanzi uliokulia kwenye unyevu wa Japani ukipelekwa kwenye nyumba yenye hita wakati wa baridi hupasuka kirahisi. Ufa ukifungwa vizuri kwa uzi si msiba, ilimradi uambiwe. Asiyejua majibu hayo anakuuzia pambo.

Bei ya filimbi ya fundi ni yen laki kadhaa, na za wapigaji wakubwa zaidi ya hapo. Sioni kwamba ni ghali ukihesabu ile miaka. Kama huna, na wengi wetu hatuna, nunua ya plastiki na usione haya; noti zake zimekaa mahali pake na hita haiipasui. Kinachonitia hasira ni kile cha katikati: bomba la bei rahisi lililotobolewa harakaharaka, likapewa shina zuri la kupigia picha na jina la kitawa. Mwanafunzi anayeanza nalo atalaumu midomo yake mwaka mzima, kumbe kosa liko kwenye tundu la tatu.