Chuma Kigumu Kinataka Jiwe Laini

Wiki hii nimeshikishwa patasi yenye doa la bluu kwenye makali. Mwenye nayo ni kijana anayejifunza useremala, na kila aliyemwonyesha amemwambia kanunua chuma kibovu. Nimeudhika, na hasira haijaisha.

Chuma kile hakina kosa lolote. Kilichomponza ni jiwe la kijivu lililokuja limefungwa kwenye mashine yake ya kunolea, gumu, uso umeng'aa, na aliyemuuzia akamhakikishia kwamba jiwe ni jiwe, litanoa kila kitu. Si kweli. Kuna vitu litavinoa vizuri na kuna vitu litaviunguza, na mtu atakaa miaka akiilaumu mikono yake.

Patasi ya chuma cha kaboni huchomwa ikapozwa ghafla ili iwe ngumu, kisha hupashwa moto tena kwa kiasi, kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi, ili isivunjike ovyo. Ukiipandisha juu ya hapo, unaendelea kuilegeza. Rangi zinakuonyesha umefika wapi: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu bluu kwenye nyuzi 300 hivi. Ikishafika bluu, sehemu ile haishiki makali tena, na kuichovya kwenye maji baada ya hapo hakurudishi kitu. Inabidi uisage taratibu mpaka uipite sehemu iliyoungua. Makali ni membamba, hayana mahali pa kupeleka joto, kwa hiyo kuungua kwake ni jambo la sekunde.

Sasa joto linatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu watu wanabishana rangi na bei na wanaliruka jambo lenyewe. Jiwe la cherehe, yaani la mashine ya kunolea, ni chembe kali zilizoshikwa pamoja na gundi. Chembe mpya inakata chuma. Ikitumika inakuwa butu, na ikishakuwa butu inapaswa ing'oke ili ya chini yake ije juu. Jiwe likiwa laini, chembe butu inaachiwa mapema. Likiwa gumu, gundi inaing'ang'ania, uso mzima unabaki wa chembe butu, nazo hazikati tena bali zinasugua. Kusugua ndiko kunakoleta joto. Fundi naye akiona chuma hakiondoki anakandamiza zaidi, na hapo patasi imekwisha.

Ndiyo maana chuma kigumu kinataka jiwe laini, na chuma laini kinataka jiwe gumu. Chuma kigumu huzila chembe upesi, basi lazima zibadilike upesi. Sijawahi kuona ushauri mmoja unaookoa vyuma vingi kuliko huu, na inaniuma kwamba ndio ambao hauonekani popote karibu na mashine zinapouzwa.

Ulaini huo umeandikwa kwenye lebo ya jiwe, kwa wanaojali kuandika. Chukua jiwe lenye alama WA 80 J 5 V. WA ni aina ya chembe, yaani oksidi ya alumini nyeupe. 80 ni ukubwa wa chembe, na namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo. J ni ugumu wa jiwe, ambao huanzia A kwa laini kabisa hadi Z kwa gumu kabisa. 5 ni nafasi iliyopo kati ya chembe na chembe, na V inakwambia gundi yake ni ya udongo uliochomwa. Kwa patasi na chuma cha randa tafuta H, I au J. K inavumilika. Jiwe lisilo na herufi ya ugumu sitalipeleka kwenye patasi, hata lingekuwa na rangi ya kupendeza namna gani.

Maana rangi nayo imewachanganya wengi. Nyeupe mara nyingi huwa afadhali, kwa kuwa chembe zake ni safi na huvunjika kwa urahisi zikatoa ncha mpya, lakini kuna mawe meupe magumu pia. La kijani ni silikoni kabidi, kazi yake ni kunoa ncha za kabidi, zile ngumu sana zinazobandikwa kwenye zana za kukatia. Hilo la kijivu, haya, lina mahali pake: shoka, panga, jembe, tindo ya kupasulia mawe. Huko liache lifanye kazi.

Kuhusu ukubwa wa chembe, 80 inatosha. Anayekimbilia 120 akitarajia makali ya kunyolea anajiongezea joto bure, kwa sababu kazi ya kumalizia makali ni ya kinoo.

Kuna wanaosema dawa ni mashine ya mwendo wa polepole. Nakubali kwa shingo upande. Jiwe la milimita 150 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 22 hivi kwa sekunde. La milimita 200 kwa mizunguko 1,425 linakwenda mita 15. Tofauti ipo na inasaidia. Ila jiwe gumu lililoziba litaunguza hata kwenye mashine ya polepole, na jiwe laini lililochongwa vizuri, yaani lililokwanguliwa uso mpaka chembe mpya zitokeze, halitakusumbua kwenye ya kasi ukiwa na mkono mwepesi na kopo la maji pembeni. Fedha ya kubadili mashine nzima ingenunua jiwe zuri na kifaa cha kulichongea, na chenji ikabaki.

Kifaa hicho cha kuchongea, chenye ncha ya almasi au vigurudumu vya meno, wengi hawana kabisa. Jiwe likianza kung'aa au kujaa vumbi la chuma, lichonge, usingoje. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi lake si la kuvuta.

Magurudumu ya CBN, yale ya chuma yaliyopakwa chembe ngumu za boroni nitridi zilizotengenezwa kwa mara ya kwanza na Robert Wentorf wa General Electric mwaka 1957, ni mazuri mno kwa patasi za kukerezea za haispidi, yaani chuma kinachostahimili joto la kukata. Hayachongwi na hayapungui kipenyo. Lakini chuma laini huyaziba, na kwa mwenye patasi chache za kaboni sioni sababu. Ya almasi usiyapeleke kwenye chuma hata kidogo. Almasi ni kaboni, na chuma cha moto huila.

Lingine ni usalama, na hapa sina mzaha. Kabla ya kulifunga jiwe, lining'inize kwenye kidole ulipige taratibu kwa mpini wa bisibisi. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, nalo livunje ulitupe ili asije mwingine akaliokota. Karatasi za pembeni usizibandue, ndizo zinazosambaza mbano. Nati ibane ya kutosha tu. Kiegemeo, pale unapoegemeza chuma unachonoa, kisiwe mbali na jiwe zaidi ya milimita 3. Alumini usiinoe hapo, huliziba. Ukiwasha mara ya kwanza simama kando, liache lizunguke dakika nzima kabla hujalisogelea. Na kasi iliyoandikwa kwenye jiwe isiwe chini ya kasi ya mashine yako. Ikiwa haikuandikwa, liache dukani.