Kwa Nini Niliandika Falsafa Yangu ya Huduma

Mwezi Juni 2021, wiki chache baada ya Nyiragongo kulipuka, uwanja wa kanisa letu hapa Goma ulijaa familia ambazo nyumba zao zilikuwa zimefunikwa na lava upande wa Buhene. Tulikuwa tumepokea maturubai 40, na familia zilizopanga foleni zilizidi 100. Mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza, "Pasta, tuanze na watu wetu, hawa wengine nao wana makanisa yao." Shemasi akasema tuanze na wenye watoto wachanga, na mwingine akapendekeza tupige kura. Nilisimama katikati yao nikiwa na diploma ya theolojia na miaka 9 ya kuhubiri, lakini jibu langu mwenyewe sikuwa nalo, nikamfuata aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Jioni, tulipokuwa tukifunga geti, nilimkuta mama mmoja barazani amemfunika mtoto wake kwa kitenge, akanieleza kwa adabu kwamba jina lake halikuonekana katika daftari letu kwa kuwa yeye husali kwingine. Jumapili iliyofuata ratiba ilinitaka nihubiri juu ya Msamaria mwema, nami nikahubiri.

Ungamo la imani la kanisa letu nalijua kwa moyo, na maono ya kanisa yamechorwa ukutani kwa rangi ya buluu, karibu na meza ya wanakwaya. Havikunisaidia siku ile, kwa sababu havikuandikwa kujibu swali lililokuwa mbele yangu. Ungamo linasema tunamwamini nani, na maono yanasema kanisa linataka kufika wapi. Lakini mtumishi anayeamka asubuhi na kukuta watu watano mlangoni, kila mmoja na hoja yake, anahitaji pia kujua yeye mwenyewe anamtumikia nani kwanza, kwa njia gani, kwa fedha ya namna gani, na ni mambo gani hatayafanya hata akiombwa na watu anaowapenda. Hayo ndiyo ninayoyaita falsafa ya huduma. Maono hubaki ukutani mchungaji anapohamishiwa parokia nyingine, ila falsafa yake huondoka naye pamoja na masanduku.

Ndugu mmoja katika utumishi, ambaye ninamheshimu, alinikemea niliposema neno hili katika mkutano wa wachungaji. Alinisomea Wakolosai 2:8. Sisi tunaosoma lugha mbili tuna taabu yetu hapo, maana Biblia yetu ya Kiswahili inaonya juu ya elimu "ya bure ya madanganyo", na ile ya Kifaransa inataja falsafa waziwazi. Akamalizia kwamba Roho Mtakatifu humwongoza mtumishi saa ile ile, na kwamba karatasi ni mambo ya ofisini. Nilimjibu kwa kumrudisha kwa Paulo huyo huyo, katika Matendo ya Mitume sura ya 20, anapowaaga wazee wa Efeso kule Mileto. Hotuba ile ni falsafa ya huduma iliyosemwa kwa mdomo: alifundisha hadharani na nyumba kwa nyumba, hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, mikono yake ndiyo iliyomlisha yeye na wenzake. Na katika hotuba hiyo hiyo anasema kwamba Roho humshuhudia mji kwa mji kuwa vifungo vinamngoja. Roho alimweleza yatakayompata. Namna ya kuishi katikati ya hayo Paulo alikuwa ameijua na kuizoea kwa miaka mitatu mbele ya macho yao. Ndugu yangu hakukubali, lakini alinyamaza, na kwa wachungaji hilo si jambo dogo.

Wala hii si desturi mpya iliyoletwa na semina. Gregori Mkuu alipofanywa askofu wa Roma mwaka 590, miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya ni kuandika kitabu juu ya kazi ya mchungaji, akieleza kwa nini alikuwa ameukimbia mzigo ule na namna ya kuwaonya watu walio tofauti, maskini kwa njia yake na tajiri kwa njia yake, mwenye furaha na mwenye huzuni.

Hapa Goma, hata hivyo, tuna mfano wa karibu zaidi, na huyo hakuwa mchungaji. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa mji huu, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki, aliyejishughulisha na watoto wa mitaani tunaowaita maibobo, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Alikataa rushwa ya kuruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Mimi ni Mprotestanti, na mambo ya kutangaza wenye heri si ya kwetu, lakini nimemtafakari mara nyingi. Sidhani kwamba mtu huanza kupima thamani ya maisha ya wenzake wakati bahasha imeshawekwa mezani. Naamini watoto wale wa barabarani walikuwa wamemfundisha mapema kwamba anayekula chakula kibovu ana sura na jina.

Ukurasa wangu niliuandika mwezi Agosti 2021, kwa mkono, na ninauweka ndani ya Biblia. Una mistari 11. Mmoja unasema kwamba mwenye njaa hataulizwa anasali wapi. Mwingine unasema mimbari haikodishwi, na huo ndio ulionigharimu zaidi: bwana mmoja mwenye uwezo alipoahidi mabati ya kuezeka upya upande wa mashariki, akaomba dakika kumi tu za "kuwasalimu waumini" kabla ya mahubiri, nilimsomea mstari huo na yeye akachukua kofia yake. Wazee walikasirika, na ninawaelewa, kwa kuwa mvua ikinyesha bado tunasogeza mabenchi. Kuna mstari unaohusu nyumba yangu, ambao mama watoto aliudai na kuuandika kwa mkono wake mwenyewe, unaosema kwamba jioni ya Jumatatu simu inazimwa. Nimeuvunja huo kuliko yote.

Wachungaji vijana huniomba niwape nakala. Huwa ninawaonyesha, halafu ninaurudisha mahali pake, maana Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya Sauli hakuweza hata kutembea. Anayelea kusanyiko Lubumbashi, katikati ya watu wa migodini, atajiuliza maswali ambayo mimi sijawahi kuulizwa.

Mstari wa saba umefutwa. Ulisema kwamba nitaishi kwa sadaka ya kanisa peke yake, ili moyo wangu wote uwe katika Neno. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa, na kwa majuma mengi vikapu vya sadaka vilirudi mbele na noti chache zilizochakaa, wakati wajane walioziweka humo walikuwa na uhitaji kuliko mimi. Nikarudia useremala niliofundishwa na baba yangu. Shemasi mmoja alipita akanikuta na msumeno, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akauliza kama inafaa Pasta aonekane hivi na watu. Nilifungua Biblia nikampa ukurasa ausome. Mstari mpya wa saba nilikuwa nimeuandika asubuhi ile kwa penseli ya kazi, na herufi zake zilikuwa nene mno hata zikafunika sehemu ya mstari wa nane.