Kamera Inayomeza na Wasiochanga

Jamani, kupiga picha za harusi Dodoma ni adhabu, ila kuzipiga kwa kamera aliyoniachia marehemu mjomba ni kifungo na kazi ngumu. Ni Hasselblad Superwide, ukoo ulioanzia Uswidi mwaka 1954. Lenzi ni Biogon ya milimita 38, ya Zeiss wa Ujerumani, inaona nyuzi 90 kona hadi kona.

Haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika mimi nacheka. Kicheko kinaishia hapo. Haina kioo ndani cha kukuonyesha lenzi inaona nini. Unachungulia kidirisha cha juu, umbali unakisia kwa jicho, mwanga unakisia kwa imani. Mkanda mmoja, picha 12. Upepo wetu ukimfunika bibi harusi uso kwa shela, moja imekwenda. Halafu anakuja kijana: "Bro, nirushie WhatsApp." Nikurushie nini, mkanda?

Tena ina pima maji yake, maana ukiiinamisha kidogo tu kuta zote zinalala. Fundi anayejenga uzio wa jirani kaiona. Sasa kila akianza kozi mpya ya tofali ananigongea mlango kuazima kamera.

Balaa lenyewe ni upana. Niliwapanga maharusi na kamati pale Nkuhungu, picha zikarudi kutoka kusafishwa: maharusi wamo, kamati imo, masufuria ya pilau yamo, bodaboda anayesubiri chenji yumo, na mbuzi. Mwenyekiti akakagua sura mojamoja.

"Hawa hawakuchanga! Wameingiaje kwenye picha?"

"Mzee, lenzi haiangalii kadi."

Mama mdogo wa bwana harusi alisimama pembeni kabisa, na kule lenzi huvuta vitu. Kichwa kimerefuka kama papai. Anasema nimemroga, na wala simlaumu, alichanga laki mbili taslimu.

Harusi iliyofuata, kamati ileile (mtaa wetu una kamati moja, inabadilisha sare tu), mwenyekiti akashika maiki: waliomaliza ahadi wakae katikati, wenye madeni pembeni, wakarefuke huko. Watu wakaanza kusukumana. Mhazini, mama asiye na haraka, akavaa miwani, akafungua daftari, akasoma. Akasoma tena.

"Mwenyekiti, na wewe sogea pembeni."

Nikapiga upesi kabla hajahama.